Kuona ndani ya mwili wako mwenyewe: fulana, kioo, simu, miwani au altrasaundi?

Vifaa na programu zinazoahidi kukuonyesha ndani ya mwili wako zimeongezeka, na karibu zote zinajinadi kwa maneno yaleyale: tazama moyo wako, ona mapafu yako yakipumua. Ukizichunguza unakuta chini ya ahadi hiyo moja kuna kazi tatu zisizofanana hata kidogo. Zipo zinazochukua mwili wa mtu mwingine na kuubandika kifuani pako. Zipo zinazokuonyesha mwili wako kweli, lakini ulivyokuwa siku ile uliyolala kwenye mashine hospitalini. Na zipo chache zinazokuonyesha mwili wako wa sasa hivi, damu ikipita. Asiyetenganisha haya matatu huuziwa mbuzi kwenye gunia: analipia miwani ya gharama kubwa, kisha anaitumia kutazama figo ya mtu asiyemfahamu.

Kwa hiyo mimi hulinganisha vifaa hivi kwa maswali mawili. Mwili huu ni wa nani? Na ni wa lini?

Kuna jambo la kuliweka sawa mapema. Miwani haioni kitu ndani yako, na simu nayo haioni. Uhalisia ulioboreshwa, ambao wengi wanauita AR kwa kifupi, ni njia ya kuonyesha tu: huchukua picha iliyokwisha kupatikana kwingine na kuipachika juu ya kile ambacho macho yako yanakitazama. Kazi ya kuona ndani hufanywa na eksirei, CT (eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka), MRI (inayotumia sumaku) au altrasaundi (inayotumia mawimbi ya sauti). Watu wengi huanza kwa kuchagua kifaa cha kuvaa, halafu ndipo wanaanza kuhangaika kutafuta picha ya kuweka humo. Anza na swali ulilonalo kuhusu mwili wako, ufuate aina ya picha inayolijibu, na kifaa kiwe cha mwisho kabisa.

Mwili wa mtu mwingine juu ya wako

Kundi hili ndilo rahisi kupatikana. Fulana ya Virtuali-Tee, iliyotengenezwa na kampuni ya Curiscope, ni mfano unaojulikana: ina mchoro maalumu kifuani, unaielekezea kamera ya simu, na skrini inaonyesha mbavu, moyo na mapafu yakiwa mahali pake juu ya aliyeivaa. Hatua ya juu zaidi ni kioo kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, ambacho watafiti wake walikieleza mwaka 2012. Unasimama mbele ya skrini kubwa, kamera ya Kinect inafuatilia viungo vyako, nawe unajiona kana kwamba ukuta wa tumbo lako umeondolewa. Ukisogea, matumbo yanasogea nawe. Ukitumia mkono unapita tabaka moja la picha za CT hadi jingine.

Ila picha hizo za CT si zako. Mifumo ya namna hii huegemea hifadhi za picha za miili iliyotolewa kwa ajili ya sayansi. Hifadhi maarufu kuliko zote ni ya mradi wa Visible Human wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: mwili wa mwanamume, uliokatwa kwa tabaka za unene wa milimita 1, ulitolewa kwa umma mwaka 1994, na wa mwanamke, wenye tabaka za theluthi moja ya milimita, ukafuata mwaka 1995.

Kwa mwalimu, kwa mtoto anayeuliza chakula kinakwenda wapi, au kwa mtu anayetaka kuelewa ini liko upande gani kabla ya kumwona daktari, ningechagua kundi hili bila kusita. Halihitaji kipimo chochote, halina mionzi, na mtu anajifunza kwa kuutumia mwili wake kama ramani. Lakini takriban mtu 1 kati ya 10,000 amezaliwa na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo kulia na ini kushoto, na takriban 1 kati ya 500 ana figo mbili zilizoungana kwa chini. Kioo kitawaonyesha wote hao moyo wa kushoto na figo mbili zilizotengana. Anayefundisha hana neno na hilo. Anayetaka kujijua yeye mwenyewe atalazimika kwenda mbele.

Picha zako mwenyewe: nini kinafaa kugeuzwa kuwa umbo la pande tatu

Eksirei ya kawaida, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni kivuli. Kila kilichoko kati ya chanzo cha mionzi na bamba kimelaliana kwenye uso mmoja: mbavu za mbele juu ya za nyuma, moyo juu ya uti wa mgongo. Unaweza kuiweka hewani mbele yako kwa AR, lakini huwezi kuizunguka na kuitazama kwa upande, kwa sababu kina hakimo. Kwa kazi hii iache.

CT hupiga eksirei kuuzunguka mwili na kompyuta ikakokotoa tabaka moja baada ya jingine. Mgonjwa wa kwanza alipigwa kichwa London mwaka 1971 kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield, na jina lake ndilo linalobeba kipimo kinachoifanya CT iwe rafiki mkubwa wa AR. Kila nukta ya picha ya CT ina namba yenye maana ileile popote: maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta yako karibu na -100, na mfupa huanzia mamia na kupanda hadi kupita 1000. Kwa hiyo kuutenga mfupa na nyama ni suala la kuiambia programu ichukue kila kilicho juu ya namba fulani. Mashine za leo hutoa tabaka nyembamba, mara nyingi chini ya milimita 1, na umbo linalojengwa humo hutoka laini.

Tatizo la CT ni mionzi. CT ya tumbo na nyonga huwa karibu milisiverti 8 hadi 10, milisiverti ikiwa kipimo cha mionzi inayoupata mwili. Mionzi ya asili, ile inayotoka ardhini, angani na kwenye chakula, humpata binadamu wa kawaida kwa wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiverti 0.1 au pungufu. Daktari akiwa na sababu ya kuagiza CT, faida yake huzidi hatari kwa mbali, wala hupaswi kuiogopa. Ila kupigwa CT kwa ajili ya kuona tu, ili upate umbo la kuzungusha kwenye simu, siwezi kumshauri mtu yeyote.

MRI haina mionzi ya namna hiyo. Hutumia sumaku ya tesla 1.5 au 3, na hata hiyo ndogo ina nguvu karibu mara 30,000 ya usumaku wa dunia, pamoja na mawimbi ya redio yanayoitikiwa na haidrojeni iliyomo mwilini. Kwa ubongo, misuli, magoti, diski za mgongo na ini, inatofautisha nyama na nyama kuliko CT. Mwenye kifaa cha moyo, klipu za chuma za upasuaji au vipande vya chuma jichoni lazima aseme kabla hajaingia chumbani. Sumaku ile haizimwi mtu anapotoka.

Hata hivyo MRI inasumbua ikifika kwenye AR, kwa sababu mbili ambazo wauzaji hawazisemi. Ya kwanza, namba zake hazina maana ya kudumu: ini lilelile litapata thamani moja kwenye mashine hii na nyingine kwenye ile, kwa hiyo hakuna namba ya kuiambia programu ikutengee ini. Ni lazima mtu alichore kwa mkono tabaka kwa tabaka, au programu ya akili bandia ifanye kazi hiyo. Kwa CT mambo yamekuwa mepesi tangu watafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, watoe TotalSegmentator, programu ya bure ambayo toleo lake lililochapishwa mwaka 2023 lilitenganisha sehemu 104 za mwili. Sababu ya pili ni unene. Vipimo vingi vya kawaida vya MRI hupigwa kwa tabaka za milimita 3 hadi 5, mara nyingine na nafasi katikati. Daktari akizisoma moja moja ziko safi kabisa. Ukizijengea umbo, goti lako linatoka na ngazi ngazi. Kinachotakiwa ni ile seti ya picha iliyopigwa kwa nukta za milimita 1 pande zote, ambayo hupatikana zaidi kwenye MRI za ubongo. Uliza kama ipo kwenye seti zako kabla hujalaumu programu.

Altrasaundi iko peke yake kwa sababu ndiyo inayojibu swali la "lini" kwa neno "sasa". Mawimbi ya sauti ya megahezi kati ya 2 na 18 yanaingia, yanagonga, yanarudi, na picha inajichora hapohapo. Ukilala ubavu na mpimaji akaweka jeli chini ya mbavu za kulia, mfuko wa nyongo unaonekana kama tunda la pea jeusi, kwa sababu umajimaji haurudishi sauti. Kama mna kijiwe, kinang'aa na kuacha mstari mweusi wa kivuli nyuma yake, na ukigeuka upande kinabingirika. Ukiambiwa vuta pumzi na uishikilie, figo inateleza kwenda chini kwa kiasi cha kukushangaza. Hakuna faili la CT linaloweza kukuonyesha hilo.

Mipaka yake ni hewa na mfupa, vinavyoizuia sauti. Ndiyo maana haikuonyeshi undani wa pafu lililojaa hewa wala ubongo wa mtu mzima. Halafu dirisha lake ni dogo, kipande chembamba kimoja kwa wakati, na mkono usiojua mahali pa kuelekea hautaona kitu zaidi ya kijivu. Ipo altrasaundi ya mkononi inayochomekwa kwenye simu, kama Butterfly iQ iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, lakini imetengenezwa kwa wahudumu wa afya. Kifaa kinaingia mfukoni. Ujuzi wa kukishika hauingii humo.

Onyesho: kompyuta, simu, miwani au projekta

Tuseme unazo picha zako. Anzia kwenye kompyuta, hata kama umeshanunua miwani. Programu za bure zinatosha: 3D Slicer inayotumiwa na watafiti duniani kote, au InVesalius iliyoanzishwa Brazil mwaka 2001, ambayo kwa anayeanza naiona nyepesi zaidi. Fungua CT ya kichwa na utafute kitelezi cha kizingiti, yaani ile namba ambayo kila kilicho juu yake kitachorwa. Kiweke karibu na -300 na uso wako utatokea, macho yamefumbwa, masikio yamebanwa na kiegemeo, pamoja na meza uliyolalia. Kipandishe polepole. Ngozi inatoboka, inaondoka, misuli inafuata, na ukifika 200 fuvu limebaki peke yake, huku meno yaliyozibwa kwa chuma yakitoa mistari ya mwanga kila upande.

Endelea kupandisha na uangalie sakafu ya tundu la jicho. Mfupa pale ni mwembamba sana, na kwenye umbo yanaanza kuonekana matundu. Kwenye fuvu lako hayapo. Yametokea kwa sababu wewe ulisogeza kitelezi. Naomba msomaji afanye zoezi hili kabla ya kingine chochote, maana ndilo linalofundisha kwamba uso laini wa rangi unaouona kwenye AR ni uamuzi wa mtu au wa programu kuhusu mahali pa kukata. Mtaalamu wa radiolojia husoma tabaka za kijivu moja baada ya nyingine, kwa kuwa humo ndimo taarifa yote ilimo.

Simu ndiyo hatua nyepesi baada ya hapo. Unahifadhi umbo ulilolitenga, unapunguza ukubwa wa faili, unalifungua kwa programu yoyote ya AR, na fuvu lako au uti wako wa mgongo unakaa juu ya meza ukauzunguka. Kwa kumweleza ndugu kilichovunjika, au kwa kujiandaa na maswali ya kumwuliza daktari, hii inatosha, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo bora kwa watu wengi. Usiitegemee ikuwekee ini mahali ini lilipo. Simu inajua meza iko wapi; haijui mbavu zako ziko wapi.

Miwani ndiyo inayovutia zaidi. HoloLens ya Microsoft ilitoka mwaka 2016, ya pili ikaja mwaka 2019, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza kuacha kuitengeneza. Meta Quest 3 ilitoka mwaka 2023 na Apple Vision Pro mwaka 2024. Tofauti ya msingi kati yao ni hii: HoloLens ina kioo unachoona kupitia humo na picha huongezwa kama mwanga, wakati hizi mbili nyingine zinakuonyesha ulimwengu kwa kamera. Mwanga ukiongezwa juu ya ngozi hauwezi kuifanya ngozi iwe nyeusi, kwa hiyo ini linaonekana kama linaelea mbele ya tumbo badala ya kuwa ndani yake. Watengenezaji hupunguza tatizo hilo kwa kuchora dirisha lenye kingo juu ya ngozi, na jicho likiona kingo linakubali kwamba kitu kiko nyuma yake. Kwa kamera kazi hiyo ni rahisi, maana programu inaweza kuifuta ngozi kabisa.

Lakini ugumu mkubwa uko kwenye kulinganisha picha na mwili. Mfumo wa xvision wa kampuni ya Augmedics, ulioidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2019, unamwonyesha daktari wa upasuaji pingili za mgongo wa mgonjwa kupitia ngozi akiwa anaweka skrubu. Unafanikiwa kwa sababu kibano chenye alama hufungwa kwenye mfupa wenyewe, na pingili haibadiliki umbo kati ya wakati wa CT na wakati wa kuweka skrubu. Ini husogea sentimita 1 hadi 2, na hata zaidi, kwa pumzi za kawaida. Utumbo haukai mkao mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna atakayekufungia kibano mfupani ili ujitazame nyumbani, kwa hiyo unachokipata kwa miwani ya kununua ni umbo lililokaa takriban mahali pake, na neno "takriban" humo lina sentimita kadhaa.

Kuna na jambo la mkao ambalo halisemwi. Ukivaa miwani na kuinamisha kichwa, kifua chako mwenyewe unakiona kwa mshazari kutoka juu, kidevu karibu kimeziba. Daktari anayemtazama mgonjwa aliyelala ana pembe nzuri. Wewe unayejitazama huna. Ndiyo sababu kwa kujiona mwenyewe kioo cha Munich kina mantiki kuliko miwani, laiti kingelishwa picha zako.

Projekta inaondoa shida ya miwani kwa kutupa picha moja kwa moja juu ya ngozi. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilionyesha mwaka 2018 mfumo wa ProjectDR unaorusha CT au MRI ya mtu juu ya mwili wake na kuifuatisha anaposogea. Umbo la ndani likitupwa juu ya ngozi hata hivyo ni mchoro wa bapa, na anayesimama pembeni huliona mahali pasipo pake.

Ila kuna projekta moja inayonifurahisha kuliko miwani zote, nayo iko kwenye hospitali nyingi tayari: kifaa cha kuonyesha mishipa. Kinatupa mwanga wa infraredi ambao macho hayauoni, himoglobini ya damu inaufyonza kuliko nyama inayoizunguka, kamera inasoma tofauti hiyo, na ramani ya mishipa inarushwa juu ya mkono hapohapo. Ukiweka kidole ukaubana mshipa, damu inakatika kwenye picha, ukiachia inarudi. Ni mwili wako, ni wa sasa, picha iko mahali pake, na hakuna faili la kushughulikia. Kina chake ni kama sentimita 1 tu, na hakionyeshi kingine zaidi ya mishipa. Lakini kama shauku yako ni kuona ndani yako kwa AR ya kweli angalau mara moja, mwombe muuguzi anayekutoa damu, kama anacho.

Kuona kwingi kuna gharama yake

Larry Smarr, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ni mfano wa mtu aliyefaidika. Ana ugonjwa wa Crohn wa utumbo. MRI yake iligeuzwa kuwa umbo la pande tatu, na daktari wake akalitumia kupanga upasuaji wa mwaka 2016. Angalia mpangilio wake: ugonjwa ulikuwepo, swali lilikuwepo, upasuaji ulikuwa umekubaliwa. Umbo lilikuja kujibu swali.

Mtu mzima wa afya anayejitazama bila swali yuko mahali tofauti kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Dalili za kuchakaa kwa diski zilikuwepo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Sasa mpe mmoja wao miwani, mwonyeshe diski yake iliyobonyea kwa rangi nyekundu ikielea mbele yake, kisha mwambie haina neno. Mgongo ambao jana haukumuuma ataanza kuukanda.

Korea Kusini ililipia somo hili kwa taifa zima. Mpango wa uchunguzi wa saratani ulianza mwaka 1999, na altrasaundi ya tezi ya shingo, ingawa haikuwa ndani ya mpango, ikawa inaongezwa kwa urahisi. Kufikia mwaka 2011 saratani ya tezi hiyo ilikuwa inagunduliwa mara 15 ya ilivyokuwa mwaka 1993, ilhali vifo havikubadilika. Vivimbe vidogo ambavyo visingemuua mtu vilionekana, na vikishaonekana vilikatwa. Wengi waliokatwa tezi wanameza dawa za homoni maisha yao yote. Chuo cha Radiolojia cha Marekani nacho hakipendekezi MRI ya mwili mzima kwa watu wasio na dalili. Ninapenda teknolojia hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo sitaki iwe mlango wa kumwingiza mtu mzima wa afya kwenye chumba cha upasuaji.

Ningechagua nini, kutegemea wewe ni nani

Una picha tayari kwa sababu ya ugonjwa au ajali: kompyuta, kisha simu. Usinunue miwani kwa ajili ya hili. Wakati wa kutazama vizuri unautumia mbele ya tabaka za kijivu, huku ripoti ya radiolojia ikiwa pembeni, ukitafuta kila neno la ripoti liko wapi kwenye picha.

Unasubiri upasuaji: mwulize daktari kama hospitali ina mfumo wa kuonyesha umbo, na uombe akuonyeshe. Akitumia skrini ya kawaida usijione umepunjwa. Skrubu ya mgongo inaweza kufaidika na AR. Kutoa mfuko wa nyongo hakuihitaji.

Una ujauzito na unatamani kumwona mtoto: altrasaundi ya kliniki, kwa mpimaji mwenye ujuzi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hushauri isitumike kwa ajili ya picha za kumbukumbu peke yake, na mimi nakubaliana nayo.

Una afya na shauku inakusukuma: usilipie kipimo. Vituo vya utafiti wa ubongo na misuli huhitaji watu wenye afya wa kulala kwenye MRI, na vingine humpa aliyejitolea nakala ya picha zake. Mara nyingi ndizo zile seti za milimita 1 zinazojenga umbo safi. Uliza mapema watafanya nini wakiona jambo wasilolitarajia, na wewe mwenyewe amua kama unataka kuambiwa.

Ukienda kuchukua picha zako, omba faili za DICOM (muundo ambao hospitali huhifadhia picha hizi) za seti nzima, pamoja na zile tabaka nyembamba, ambazo mara nyingi hubaki kwenye mashine bila kuwekwa kwenye CD. Ukipewa picha za kawaida za JPEG au filamu, hakuna umbo litakalojengwa humo. Kila faili la DICOM hubeba jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya hospitali, kwa hiyo ziondoe kabla ya kulipeleka kwenye programu yoyote ya mtandaoni.

Picha za kichwa zinahitaji zaidi ya kufuta jina. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichukua MRI za vichwa vya watu 84 waliojitolea, wakajenga nyuso zao, na programu ya kutambua sura ikawalinganisha sawasawa na picha zao za kawaida watu 70. Zipo programu za bure za kufuta uso na kuacha ubongo, zinazotumiwa na watafiti kila siku. Ukishaitumia, fungua tena faili lililobaki, shusha kitelezi hadi ngozi itokee, na ukiona bado unajitambua, usilitume.